Gobore la Kwanza la Uigizaji wa Historia: Kulichagua, Kulikagua, Kulipiga na Kulisafisha

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Ninunue gobore gani? Nitajuaje kama hili la mkononi ni zima? Baruti kiasi gani? Na mbona limeota kutu ilhali nililisafisha? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia ununuzi hadi kabatini.

Tunazungumzia kuwaigiza uwanjani, bila risasi, askari wa miguu wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, na nakala za kisasa za magobore ya fataki ya wakati huo. Gobore halisi la miaka hiyo liache ukutani. Chuma chake kina zaidi ya miaka 150, hakuna anayejua limepitia mikono gani, na kila pigo linalipunguzia thamani. Magobore ya gumegume, yanayowashwa kwa cheche za jiwe, nayo yana taratibu zake za ziada, hasa kinga ya shaba ya kuzuia cheche za pembeni, kwa hiyo hatuyagusi hapa.

Maneno machache ili tuelewane. Mdeki ni ile fimbo ya chuma ya kushindilia inayokaa chini ya mtutu. Fataki ni kikombe kidogo cha chuma laini chenye kilipuzi kinachowaka kikigongwa na nyundo. Chuchu ni kijiti kifupi chenye tundu ambacho fataki huvikwa juu yake. Katriji hapa ni karatasi iliyofungwa yenye baruti ya pigo moja. Mtambo ni nyundo na springi zake, vilivyofungwa kwenye bamba ubavuni mwa gobore. Njia ya moto ni tundu linalotoka kwenye chuchu hadi ndani ya mtutu. Sakafu ya mtutu ni mwisho wake uliozibwa. Nusu-koki ni nyundo ikiwa imevutwa hatua ya kwanza, mahali ambapo kifyatulio hakitakiwi kuiachia.

KABLA HUJATOA PESA

Jiunge na kikundi kwanza, kisha ndipo ununue. Wengi hufanya kinyume chake, na ndiyo maana soko la mitumba limejaa magobore yaliyopigwa mara tatu tu. Kila kombania huigiza rejimenti fulani katika mwaka fulani, na rejimenti hiyo ilibeba silaha zinazojulikana. Vikundi vingi vina gobore la kuazima kwa wageni. Beba hilo msimu wako wa kwanza, halafu uamue.

Sheria nayo ujue inasemaje. Marekani, sheria ya silaha ya mwaka 1968 inahesabu kuwa ya kale silaha yoyote iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, pamoja na nakala za magobore yanayoshindiliwa kwa mdomo, yanayotumia baruti nyeusi na yasiyoweza kupokea risasi za kisasa. Kwa hiyo serikali kuu haikutaki upitie utaratibu wa bunduki ya kawaida. Lakini hiyo ni serikali kuu tu. Majimbo yana sheria zao, na mengine ni makali zaidi, hasa kwa mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa. Soma sheria ya jimbo unaloishi na ya kila jimbo unalopita njiani. Uingereza mambo ni tofauti kabisa: gobore lenye mtutu laini linahitaji cheti cha shotigani, lenye mifuo ndani ya mtutu linahitaji cheti cha silaha, na baruti nyeusi ina cheti chake peke yake.

Usipande ndege na baruti wala fataki. Haziruhusiwi kwenye mzigo wa mkononi wala kwenye mzigo wa chini.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya siku ya kwanza:

- Gobore lenye mdeki wake, mkanda wa kulibebea, na singe yenye ala. Jaribu singe kwenye mtutu huo huo kabla ya kulipa. Singe za nakala hutofautiana, na ya Enfield usitegemee itaingia Springfield (modeli hizi zimeelezwa hatua ya kwanza).
- Mkoba wa katriji wenye mikebe ya bati ndani. Mkoba wa askari ulichukua katriji 40. Mikebe hiyo usiitoe ili kupata nafasi, kwa sababu ndiyo inayotenganisha baruti na cheche.
- Kimfuko cha fataki chenye kipande cha ngozi ya kondoo yenye manyoya ndani, kinachozuia fataki kumwagika, na sindano ya kuzibulia chuchu.
- Spana ya chuchu inayokaa sawasawa, na chuchu mbili za akiba.
- Bisibisi zenye ncha inayojaza mfuo wa skrubu. Bisibisi nyembamba ndiyo inayoharibu vichwa vya skrubu, na gobore lenye skrubu zilizolika humshushia bei muuzaji.
- Ufito wa kusafishia wenye ncha ya shaba, brashi ya nailoni au shaba, kikwangulio cha sakafu ya mtutu, na skrubu ya kuvutia vitambaa vilivyokwama. Mdeki si ufito wa kusafishia, hata kama unaingia.
- Vitambaa vya pamba vilivyokatwa sentimita 6 hadi 7 za mraba, vingi. Visafishio vya kiko. Sabuni ya maji. Kipande cha ngozi laini ukubwa wa sarafu kubwa.
- Vizibo vya masikio. Hakuna atakayeviona, na wanaoviacha huanza kuuliza "unasemaje?" mapema kuliko wenzao.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua modeli

Tatu ndizo za kufikiria.

Enfield ya 1853 ni ya Kiingereza, ina kipenyo cha inchi 0.577, mtutu wa inchi 39 na pete tatu zinazoushika mtutu kwenye mbao. Ziliingizwa Marekani kwa mamia ya maelfu na pande zote mbili zilizitumia, kwa hiyo mwenye Enfield anaweza kusimama Kaskazini leo na Kusini mwezi ujao. Kwa anayeanza bila uhakika, hii ndiyo.

Springfield ya 1861 ina kipenyo cha inchi 0.58, mtutu wa inchi 40, na uzito wa ratili 9 hivi. Ndiyo silaha ya askari wa Muungano, yaani Kaskazini, wa kuanzia katikati ya vita. Chuma chake ni cheupe, hakikutiwa rangi, na uzuri huo una gharama: alama ya kidole cha jasho ikilala usiku mmoja, asubuhi ni kutu.

Springfield ya 1842 ina mtutu laini wa inchi 0.69. Inafaa miaka ya mwanzo ya vita na rejimenti nyingi za Kusini. Mtutu wake mpana ni rahisi kusafisha kuliko zote.

Usinunue gobore la pete mbili kwa ajili ya kusimama kwenye safu, hata muuzaji akikubembeleza. Askari wa miguu walipiga wakiwa safu mbili, na wa nyuma hupitisha mtutu juu ya bega la kulia la aliye mbele yake. Mdomo wa mtutu lazima uvuke uso wa mwenzake. Mtutu wa inchi 33, kama wa Enfield fupi au Remington ya 1863 inayoitwa Zouave, unaleta mdomo wa moto karibu na sikio lake. Vikundi vingi vimezipiga marufuku kwenye safu. Hiyo Zouave ina kasoro nyingine pia: haijulikani kugawiwa askari vitani, ingawa ni nzuri kuitazama na madukani imejaa.

Kuhusu watengenezaji: nakala za Italia, kama za Pedersoli na Armi Sport, hupitia kituo cha serikali cha kupima mitutu. Tafuta alama ya nyota yenye herufi PN chini yake, maana yake mtutu umejaribiwa kwa baruti nyeusi. Parker-Hale za Uingereza na Miroku za Japani za miaka ya 1970 huuzwa mitumba na zinapendwa. Tahadhari na magobore yanayouzwa rahisi kama mapambo, yakiwa na njia ya moto isiyotobolewa. Usitoboe mwenyewe. Mtutu ambao haukupimwa haugeuki kuwa salama kwa sababu umepitishiwa keekee.

2. Kagua kabla ya kununua

Hili ni la dakika kumi, na muuzaji anayekataa amekwisha kukujibu.

a) Hakikisha halina kitu ndani. Teremsha mdeki hadi ukome, weka alama ya kidole kwenye mdomo wa mtutu, utoe, kisha uulaze nje ya mtutu alama ikiwa pale pale. Ncha yake inatakiwa kufika usawa wa chuchu. Ikiishia inchi moja au mbili kabla, chukulia kwamba gobore limeshindiliwa na baruti ipo. Yako magobore yaliyokaa ukutani miaka mingi yakiwa na shehena.

b) Tikisa mtutu ukiwa na mdeki ndani. Chuma kwa chuma hulia kama kengele. Sauti nzito ya "du" ni masizi yaliyoganda au kitu kilichosahauliwa.

c) Vuta nyundo hadi nusu-koki, shika kichwa cha nyundo, uinue gobore zima kwa kichwa hicho. Kisha, bila fataki, bonyeza kifyatulio kwa nguvu ya kawaida. Nyundo ikianguka, usinunue, au punguza bei ya fundi.

d) Weka koki kamili, sukuma nyundo mbele kwa dole gumba bila kugusa kifyatulio. Isiachie.

e) Shusha nyundo taratibu juu ya chuchu. Shimo la uso wa nyundo liifunike chuchu katikati. Ikigusa ukingo, fataki zitapasuka ovyo.

f) Fungua chuchu. Ikikataa kabisa, aliyekuwa nayo hakuwa akiifungua, na kama hakufungua chuchu basi sakafu ya mtutu hakuigusa.

g) Tumbukiza taa ndogo mtutuni, au pitisha kitambaa chenye maji. Vishimo vidogo karibu na mdomo ni aibu tu. Vishimo vikubwa chini, karibu na sakafu, ni hatari kwa sababu huko ndiko shinikizo liliko na ndiko cheche hujificha.

h) Tazama mbao nyuma ya bamba la mtambo na mahali mkono unaposhika. Ufa mwembamba hapo utaendelea.

3. Liandae kabla ya pigo la kwanza

Gobore jipya hutoka kiwandani limepakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu. Yasipotoka yote, yanajaza njia ya moto na siku nzima utasikia fataki bila mlio wa baruti. Ng'oa chuchu, osha mtutu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza, kausha, pitisha kitambaa chenye spiriti. Pitisha kisafishio cha kiko kwenye njia ya moto hadi kitoke cheupe. Paka nyuzi za chuchu grisi kidogo, uirudishe, ikaze kwa mkono bila ubabe.

Wengi hutaka pia kufuta maandishi ya kisasa kwenye mtutu ili lionekane la zamani. Kazi hiyo mpe fundi. Namba ya gobore na alama za kupimwa usiziguse: moja inaweza kukuletea kesi, nyingine ndiyo ushahidi kwamba mtutu ni salama.

4. Tengeneza katriji zisizo na risasi

Kiasi cha kawaida kwa kipenyo cha inchi 0.58 ni greni 60 za baruti nyeusi yenye punje za daraja la F mbili (FF), karibu gramu 3.9. Kikundi chako kikisema pungufu, ni pungufu. Ratili moja ina greni 7,000, kwa hiyo inatoa katriji 116. Greni 60 ndicho kiasi kile kile ambacho askari wa 1861 alikitumia nyuma ya risasi halisi. Hakuna sababu ya kuongeza ili kelele iwe kubwa.

Zungushia karatasi nyepesi kwenye kijiti cha unene wa nusu inchi, kunja au funga mwisho mmoja kwa uzi, chomoa kijiti, mimina baruti kwa kipimo cha shaba, kunja mkia. Basi. Hakuna pini za stepla, hakuna gundi nzito, hakuna utepe wa plastiki, kwa sababu vyote hivyo huruka vikiwa vinawaka.

Fanya kazi hii mbali na moto, jiko, sigara na mashine ya umeme. Mezani weka baruti ya katriji kumi tu, chupa kubwa ikiwa imefungwa na iko mbali.

Onyo lisilo na mjadala: baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, isiingie kamwe kwenye gobore. Hata kidogo hupasua mtutu. Baruti mbadala kama Pyrodex si hatari kwa namna hiyo, lakini huhitaji joto zaidi kuwaka, na bila risasi ya kuibana hugoma au huungua polepole. Kama unaipata baruti nyeusi, usihangaike nayo.

5. Siku ya uwanjani

Sajini atakagua kila gobore: nusu-koki, mlio wa mdeki, chuchu, mkoba. Usikasirike akirudia. Ana haki ya kukuondoa safuni, na mkoba wako ukikutwa na hata risasi moja ya kweli utaondoka uwanjani kabisa.

Kabla ya katriji ya kwanza, piga fataki tupu moja au mbili, mdomo wa mtutu ukiwa karibu na majani. Majani yakitikisika, njia iko wazi. Yasipotikisika, zibua kwa sindano kabla ya kutia chochote.

Kisha, kwa amri tu:

a) Kitako chini, mtutu mbele yako ukielekea mbali na uso wako na wa jirani.
b) Chana katriji kwa meno. Askari wa zamani walifanya hivyo hivyo, na aliyekosa meno ya mbele hakutakiwa kwa kazi hii.
c) Mimina baruti ukishika katriji kwa ubavu, kwa ncha za vidole. Kiganja kisikae juu ya mdomo wa mtutu hata nukta moja.
d) Karatasi itupe chini. Haiingii mtutuni.
e) Mdeki usichomolewe. Hii ndiyo kanuni inayovunjwa na wageni wengi kwa sababu wameona picha za askari wakishindilia. Mdeki uliosahauliwa ndani ya mtutu ni mkuki, na umewahi kurushwa.
f) Piga mtutu kofi moja ubavuni ili baruti iketi chini.
g) Inua, weka nusu-koki, ondoa mabaki ya fataki ya zamani, vika mpya na uikandamize kwa dole gumba hadi ikae.
h) Koki kamili kwa amri, elekeza juu ya vichwa vya walio mbele, piga kwa amri.

Katriji tupu si mchezo. Inatoa mwali, punje zinazowaka na vipande vya fataki. Kila kikundi kina umbali wake wa chini wa kupigiana. Uulize, na adui akikaribia kuliko hapo, nyanyua mtutu juu au usipige kabisa. Kwenye viwanja vya vita vinavyotunzwa na idara ya mbuga za taifa ya Marekani, kama Gettysburg na Antietam, maigizo ya kupigiana pande mbili hayaruhusiwi kabisa. Huko ni maonyesho ya kupiga tu, na ukaguzi wao ni mkali zaidi.

Singe ifungwe kwa amri pekee, na si wakati wa kupiga.

6. Gobore likigoma

Fataki imelia, gobore kimya. Mtutu ubaki umeelekea mahali salama, hesabu sekunde 30, kwa sababu baruti inaweza kuwaka kwa kuchelewa. Vika fataki mpya, jaribu tena. Ikigoma mara ya pili, zibua chuchu kwa sindano, tia fataki ya tatu. Ikigoma hapo, wewe umemaliza kupiga kwa leo. Shika nafasi yako safuni na umwambie sajini.

Kosa kubwa ni kumimina katriji ya pili juu ya ya kwanza. Katika kelele ya safu nzima ni rahisi kudhani limelia. Hata askari wenyewe walikosea hivyo: kati ya bunduki zilizookotwa Gettysburg mwaka 1863, nyingi zilikutwa na shehena zaidi ya moja. Jifunze kuangalia moshi kwenye chuchu na kuhisi teke begani kila unapopiga, usitegemee sikio.

Kutoa baruti iliyogoma: rudi kambini na sajini, mimina maji mtutuni hadi yajae, acha dakika kadhaa, ng'oa chuchu, suuza hadi maji yatoke meupe. Usichokonoe kwa chuma kutoka mdomoni baruti ikiwa kavu.

7. Safisha siku hiyo hiyo

Hapa ndipo magobore hufa. Baruti nyeusi ni shura, mkaa na kiberiti. Ikiungua huacha chumvi za potasiamu ambazo hunyonya unyevu wa hewani na kula chuma. Mafuta hayaziyeyushi, maji huziyeyusha. Anayepitisha kitambaa chenye mafuta juu ya masizi amefunika kutu blanketi. Na kwa kuwa katriji tupu haina risasi ya kufagia mtutu, masizi yote hubaki, mengi yakiwa kwenye sakafu.

a) Hakikisha hakuna baruti ndani. Mdeki, alama, kulaza nje, kama mwanzo.

b) Toa mtambo. Weka nyundo nusu-koki, legeza zile skrubu mbili za upande wa pili mizunguko michache, gonga vichwa vyake kidogo kwa mpini wa bisibisi hadi bamba lisogee, ndipo uzitoe. Usichokoe bamba kwa ncha, utang'oa mbao. Futa mtambo kwa kitambaa chenye maji, kausha, weka tone la mafuta kwenye kila egemeo. Springi zake usizifungue kama huna jiliwa ya springi.

c) Mtutu uache kwenye mbao. Wapo wanaoutoa kila mara, lakini kila ukitoka unakula mbao kidogo, na baada ya misimu miwili unacheza. Utoe mara moja au mbili kwa mwaka: skrubu ya mkia wa mtutu kwanza, kisha pete kuanzia ya juu, halafu geuza gobore chini-juu mtutu uanguke mkononi. Pete za Springfield ya 1861 hushikwa na springi ndogo za kubonyeza. Za Enfield hukazwa kwa skrubu, na ukizikaza mno unakunja mbao.

d) Funga kitambaa kuzunguka mbao chini ya chuchu. Weka kile kipande cha ngozi juu ya chuchu, ushushe nyundo kwa uangalifu ikibane (unarudisha mtambo kwa muda kwa kazi hii). Mimina maji ya uvuguvugu yenye matone mawili ya sabuni hadi theluthi ya mtutu, ziba mdomo kwa dole gumba, pindua mara kadhaa, acha dakika tatu, mwaga. Yatatoka meusi yakinuka mayai viza. Rudia hadi yatoke ya kijivu.

Maji yanayochemka yanapendwa kwa sababu hukauka haraka, ila joto hilo hilo huleta kutu ya papo hapo, ule ukungu wa rangi ya chungwa. Ya uvuguvugu yanatosha.

e) Ng'oa chuchu, itumbukize kwenye maji ya sabuni. Pitisha brashi mtutuni mara kumi, kisha zungusha kikwangulio kwenye sakafu. Kitatoa magamba meusi ambayo maji pekee hayakuyagusa. Kama gobore lako lina skrubu ndogo ubavuni mwa mahali chuchu ilipofungwa, ifungue na upitishe kisafishio cha kiko.

f) Suuza kwa maji safi bila sabuni. Hatua hii huachwa na wengi.

g) Kausha kwa vitambaa hadi kimoja kitoke kikavu na cheupe. Vitambaa vinne ni vichache. Vinane ni kawaida.

h) Paka mafuta mepesi ndani. Mafuta ya Ballistol au ya asili yanafaa kuliko mafuta ya injini, ambayo yakikutana na masizi hugeuka lami. Simamisha gobore mdomo ukiangalia chini juu ya gazeti usiku kucha, ili mafuta yasishuke kwenye njia ya moto.

i) Nje: futa chuma chote kwa kitambaa chenye mafuta. Springfield nyeupe ikipata madoa, tumia pamba ya chuma laini kabisa, ya namba 0000, ukifuata urefu wa mtutu.

8. Hifadhi

Kesho yake pitisha kitambaa kikavu. Kikitoka chekundu, rudia kuanzia maji. Wiki moja baadaye angalia tena, halafu mara moja kwa mwezi.

Mbao ipakwe mafuta ya kitani mara chache kwa mwaka, tabaka jembamba linalosuguliwa kwa kiganja hadi lipate joto. Vitambaa vya mafuta hayo usivikunje na kuvitupa kapuni, kwa maana hujipasha vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje vikauke au vitumbukize kwenye maji.

Usilihifadhi kwenye ala ya ngozi au mfuko wa sponji. Vyote hushika unyevu. Kabati lenye kufuli, baruti mahali pengine, fataki mahali pa tatu.

MATATIZO YANAYOJIRUDIA

Fataki inalia, baruti haiwaki, hasa pigo la kwanza la siku: mafuta kwenye njia ya moto. Ng'oa chuchu, kausha kwa kisafishio cha kiko, piga fataki mbili tupu. Ikitokea katikati ya siku, ni masizi, sindano itamaliza.

Fataki hailii pigo la kwanza, inalia la pili: haikukandamizwa hadi chini, au ncha ya chuchu imebondwa ikatanuka kwa kupigwa bila fataki. Linganisha na chuchu mpya. Kama ni mpya na bado, springi kuu imechoka.

Fataki zinadondoka zenyewe: umenunua ndogo za bastola, au chuchu si ya ukubwa wa fataki za gobore, zile pana zenye mbawa pembeni. Kuibana fataki kwa vidole ili ishike ni kujitafutia jeraha. Badilisha chuchu.

Baada ya kupiga, nyundo inakutwa imerudi nusu-koki: tundu la chuchu limeliwa na moto likapanuka, na shinikizo linarudi nyuma kupitia hapo. Badilisha chuchu leo hii, si msimu ujao.

Chuchu imeganda: weka mafuta ya kupenya, acha usiku, jaribu tena na spana inayokaa vizuri. Ikigoma, fundi. Ikikatikia ndani, gharama yake ni mara nyingi ya ile ya kuifungua.

Mdeki unakwama kwenye mfereji wake: umepinda, au maji ya kusafishia yaliingia na mbao imevimba. Acha ukauke siku mbili mdeki ukiwa nje kabla hujashika patasi.

Mbao imekuwa nyeusi na laini kuzunguka mtambo: mafuta mengi mno. Punguza hadi tone moja kwa kila egemeo, na futa bamba kabla ya kulirudisha.

Nyundo inaanguka kutoka nusu-koki, hata mara moja tu: gobore halirudi safuni. Usijaribu kunoa meno ya mtambo kwa tupa. Sehemu hizo zimekazwa juu juu tu, na ukivuka tabaka hilo chuma cha ndani ni laini na kitalika ndani ya msimu. Peleka kwa fundi anayejua magobore, na ukirudishiwa anza upya na hatua ya pili, kipengele c.